Barua ya wazi kwa Soko la Hisa: hofu ni kwako uliye mbali

Kwako Mheshimiwa Soko la Hisa,
London, Milan na kokote kwingine unakokaa.

Baada ya salamu, sisi huku Amu, kisiwani Lamu, hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Babu zetu walifungulia barua kwa maneno hayo, adabu tu. Kwako wewe ni habari kamili, maana hofu ndiyo maradhi yako, na kila ukishikwa na homa dawa tunanyweshwa sisi.

Huenda umetusahau. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alikuja hapa na Salva Kiir na Meles Zenawi, wakazindua LAPSSET: bandari, reli, barabara na bomba la mafuta. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ya Tullow ikatangaza mafuta ya kisima cha Ngamia-1 kule Turkana. Ulifurahi wewe, hisa zikapaa, na madalali wa ardhi huku wakaanza kuamkia wazee shikamoo mara mbili mbili.

Kisha pipa la mafuta lililopita dola 100 mwaka 2014 likashuka chini ya 30 Januari 2016, nawe ukanuna. Tarehe 9 Disemba 2019 Tullow walisema mafuta yatapungua, gawio limesimamishwa na mkuu wao anaondoka. Ukawakata zaidi ya asilimia 70 ya thamani kwa siku moja. Pweza mwenyewe hasinyai hivyo akiwa chunguni. Mwaka 2025 wakaiuzia Gulf Energy mali yao ya Kenya. Bomba la kilomita zaidi ya 800 kutoka Lokichar limebaki kwenye ramani. Kilichokuja ni bandari: gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, baada ya uchimbaji wa mkondo kuwaharibia kazi wavuvi zaidi ya 4,000, ambao Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018. Katika hesabu zako za robo mwaka sijawaona.

Lakini kisa kinachonichekesha ni cha meli. Mwisho wa 2021 kampuni ya Eni iliileta meli ya Saipem 12000 kuchimba kisima cha Mlima-1, bahari kuu upande wetu. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 31, hisa za Saipem, wenye meli, zikaporomoka kwa karibu asilimia 30 huko Milan. Kisima hakikuhusika. Mojawapo ya mambo yaliyoiumiza kampuni ni kandarasi za mitambo ya umeme wa upepo baharini. Upepo, Mheshimiwa! Si ungetuma mtu akawaulize waunda majahazi wa Matondoni? Wiki nne hazijatimia, Urusi ikaivamia Ukraine, pipa likavuka dola 100, na wewe uliyekuwa ukihubiri kwamba mafuta yamepitwa na wakati ukayatamani kama mja mzito na udongo. Mlima-1 nacho hakikutoa mafuta ya kufanyia biashara.

Nieleze basi. Kutoka kugundua mafuta hadi kuyauza ni kazi ya miaka kumi na zaidi, na hofu yako hugeuka kabla ya chakula cha mchana. Ukiogopa, mitambo ya kuchimba inafungwa na mafundi wanarudishwa kwao. Miaka michache baadaye mafuta yanaadimika, unaogopa upya, safari hii kwamba yatakwisha.

Sisi tunalipa. Njoo gatini umwone nahodha wa boti ya Mokowe: ameinamisha dumu, chupa iliyokatwa kitako ndiyo faneli yake, na tone la mwisho analingoja kama anayengoja mwezi wa Ramadhani uandame. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya mafuta. Ikipanda, nauli hupanda usiku huohuo. Ikishuka, nauli hubaki juu kupunga hewa.

Ombi langu ni dogo. Kaskazi tunaijua miezi yake, kusi vilevile, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi bila kuitisha mkutano wa wanahisa. Tutumie na wewe kalenda ya hofu yako, tuibandike msikitini karibu na nyakati za swala, watu wajue lini watie petroli na lini watweke tanga.

Jibu lisichelewe. Leo ni tarehe 14, na nahodha ameshafungua redio.

Wasalaam,
Abiria wa Mokowe, Amu