Mwizi Anaijua Diski Yako

"Mshauri, nina duka la jumla Kariakoo, kamera nane na DVR yenye diski ya terabaiti 1. Kila mwisho wa mwezi nikihesabu mali, katoni za mafuta ya kupikia hazitimii. Nikirudisha video nyuma naishia siku tano na ushei. Fundi anasema niweke diski ya terabaiti 8, mke wangu anasema nimfukuze mpwa wangu. Nimsikilize nani?" – Mwenye Duka Asiyelala

Ndugu Asiyelala, mpwa wako abaki kazini, maana ushahidi pekee ulioniletea dhidi yake ni kwamba ni mtoto wa dada yako na mkeo hampendi. Tuje kwenye diski. Hizo siku tano na ushei zina hesabu yake. Kamera iliyopangiwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku moja. Zidisha mara nane upate gigabaiti 172.8. Terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000, kwa hiyo siku ya sita haijaisha, mashine inarudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani kuliko zote. Haijaharibika, ndivyo ilivyopangwa. Lakini wewe unahesabu mali kila baada ya siku thelathini. Katoni ikitoka tarehe 3, picha yake imefutika tarehe 9, nawe unaanza kuitafuta tarehe 30. Yeyote aliyekaa dukani kwako miezi miwili anaweza kuijua ratiba hiyo bila kuigusa mashine: anaona tu kwamba bosi hukasirika mwisho wa mwezi, hukodolea skrini macho, kisha huenda kulala. Ukubwa wa diski, basi, haupimwi kwa wingi wa kamera wala kwa ukarimu wa fundi anayekuuzia. Hupimwa kwa muda unaopita kati ya mali kutoka na wewe kujua kwamba imetoka.

Kwa kipimo hicho una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na hesabu yako ya mwezi na kununua diski inayoifikia: siku thelathini za kamera nane ni terabaiti 5.2, kwa hiyo utahitaji ya 6. Ya pili ni kuhesabu bidhaa zinazopotea, hizo tu, kila Jumamosi kabla ya kufunga. Hapo unahitaji siku saba na akiba kidogo, na terabaiti 2 zinakupa siku kumi na moja. Nachagua ya pili, wala si kwa sababu ya bei. Diski ya terabaiti 8 itabeba siku 370 za kamera ukizijumlisha zote nane, yaani zaidi ya mwaka wa video. Ukiitazama yote kwa kasi ya mara 16, bila kula wala kusali, utamaliza baada ya siku ishirini na tatu. Anayehesabu kila wiki anajua mafuta yalitimia Jumamosi iliyopita, anajua kamera ipi inatazama rafu hiyo, na mzigo uliobaki ni siku saba za kamera moja. Ukipanga usiku irekodi pale tu kitu kinaposogea, kwa kasi ile ile unashughulika saa tano au sita. (Usiache feni ikizunguka wala kanga zikining'inia mbele ya kamera, mashine itadhani duka lina wageni hadi alfajiri.) Diski kubwa bila hesabu ya karibu inakuongezea mahali pa kutafuta, haikuongezei kupata.

Utanipinga kwamba si kila hasara hujulikana kwa kuhesabu katoni. Yuko mteja anayekuja baada ya wiki tano akiapa alilipa deni lake, na ni kweli, daftari la Jumamosi haliwezi kumjibu. Ila bishano la aina hiyo hutokea mbele ya meza ya malipo, halitokei stoo wala mlango wa nyuma. Baadhi ya mashine huruhusu kila kamera igawiwe sehemu yake ya diski. Kamera ya meza ya malipo ikipewa terabaiti 1 peke yake, itakumbuka siku arobaini na sita. Weka diski ya terabaiti 4, zile tatu zilizobaki uziachie kamera saba, nazo zitakwenda karibu siku ishirini. Kama mashine yako bado inabana picha kwa H.264 na ina uwezo wa H.265, badilisha kwanza kwenye menyu. Mfumo huo mpya, ulioidhinishwa mwaka 2013, huhitaji karibu nusu ya nafasi kwa ubora ule ule, na hauuzwi dukani.

"Mshauri, unatuharibia kazi. Tofauti ya bei kati ya diski ndogo na kubwa si ya kuua mtu. Kwa nini mteja asiweke kubwa kabisa akapumzika?" – Fundi Nisiyeombwa Ushauri, Arusha

Fundi, hoja yako ina uzito pale mteja anapojua kwa nini anahitaji siku hizo. Asipojua, anakutana na sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili hazitaki taarifa za mtu zihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Sura ya mteja aliyekuja kununua sukari ni taarifa yake. Na kesi ikifika polisi, dawa ni kunakili kipande husika kwenye flashi siku ile ile, nakala mbili. Usiiachie diski inayoendelea kujifuta, hata iwe kubwa namna gani. Isitoshe, mashine za zamani zinazohesabu sekta za baiti 512 kwa namba za biti 32 hazioni zaidi ya terabaiti 2.2. Ukimuuzia mwenye mashine hiyo terabaiti 8, umemuuzia karibu sita za mapambo.

"Nina diski nzima ya terabaiti 1 niliyoitoa kwenye kompyuta ya mezani. Nikiipachika kwenye DVR kuna ubaya?" – Mbana Matumizi, Mwanza

Itawaka, na kwa wiki kadhaa utajiona mjanja. Lakini diski ya kompyuta kama Seagate BarraCuda imepangiwa kubeba kazi ya terabaiti 55 kwa mwaka, kwa saa 2,400. Mwaka una saa 8,760, na DVR hailali. Kamera nane za Ndugu Asiyelala huandika terabaiti 63 kwa mwaka. Diski zilizotengenezwa kwa kamera za ulinzi, kama SkyHawk au WD Purple, zimepangiwa terabaiti 180 na kazi ya saa zote. Kwa kamera mbili za nyumbani, jaribu. Kwa duka, utakuwa umeweka shahidi anayeweza kuzimia siku ya kesi.

"Diski niliyonunua imeandikwa terabaiti 1, mashine inasema 931. Nimeibiwa 69?" – Hesabu Kali, Mombasa

Hapana. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, mashine yako inahesabu kwa 1,024. Muuzaji mwache.

"Mshauri, wiki iliyopita mume wangu aliweka diski mpya kubwa kwenye DVR ya nyumbani. Nataka kuona usiku wa Pasaka alirudi saa ngapi." – Mke Mwenye Subira, Kisumu

Dada, diski mpya inakumbuka kuanzia siku ilipofomatiwa. DVR haihamishi video za zamani kwenda kwenye mpya. Uliza ya zamani iko wapi, kwa sauti ya kawaida. Ukiichomeka kwenye kompyuta, huenda ikadai haisomeki na kukuomba uifomati, kataa. Zima umeme, irudishe kwenye DVR ile ile. Kipimo cha Asiyelala kinakuhusu nawe pia: kamera mbili za kiwango kile kwenye terabaiti 1 huenda siku ishirini na tatu, kwa hiyo kama Pasaka ilikuwa mbali zaidi ya hapo kabla diski haijatolewa, umechelewa kuuliza. Ukiukuta usiku huo, kagua saa ya mashine kwanza. Iliyoachwa kwenye saa za Greenwich itaandika saa tatu usiku wakati yeye aliingia saa sita, na utamwomba radhi mtu asiyestahili.