Shikamoo, Basi la Usiku

Kati ya mambo yote anayokutana nayo mwanafunzi aliye ng'ambo anapokwenda na wenzake kutembelea mji mwishoni mwa wiki, hakuna linalotukanwa kama basi la usiku. Jumba la makumbusho husamehewa foleni yake, hosteli husamehewa kunguni wake, na hata mgahawa unaouza kahawa kwa bei ya chakula cha mchana husamehewa kwa ajili ya mandhari. Basi halisamehewi. Nataka kulitetea, tena si kwa utetezi wa kinyonge wa kusema kwamba ni rahisi na basi. Nadai kwamba lenyewe ndilo sehemu bora ya safari, na kwamba mji anaoupata aliyelala hotelini ni mdogo kuliko ule anaoupata aliyeshuka alfajiri na shingo iliyopinda.

Tuchukue safari moja: kutoka Frankfurt kwenda Praha, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Ni kilomita 500 hivi, karibu sawa na Nairobi hadi Mombasa, na basi likiondoka Ijumaa saa 5 usiku huingia Praha kunapopambazuka. Wingi wa mabasi ya masafa marefu Ujerumani umetokana na sheria. Hadi mwisho wa mwaka 2012 reli ililindwa kwa masharti yaliyoanzia miaka ya 1930, ambayo kwa kiasi kikubwa yaliyazuia mabasi kushindana na treni ndani ya nchi. Januari 1, 2013 mlango ukafunguliwa, na mabasi yakamwagika barabarani kwa nauli za kugombania. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya naye amekwisha kupigiwa hesabu zake. Ili apewe viza, kwa kawaida huonyesha euro 11,904 katika akaunti maalumu inayomtolea 992 kwa mwezi, na humo mna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na madaftari. Hesabu hiyo haina mstari wa hoteli. Basi la usiku huunganisha nauli na malazi katika tiketi moja, na anayeliita duni ajiulize ni nyumba gani nyingine ya wageni inayomlaza mteja Ujerumani na kumwamsha Cheki. Mtanzania ana sababu ya ziada ya kulistahi. Kwao mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku kwa takriban miaka thelathini, hadi ruhusa iliporudishwa mwaka 2023, kwa hiyo wengi wa vijana wanaolipanda huko Ulaya wamekua wakijua kwamba basi, kama kuku, jua likizama hulala.

Ndani yake hakuna anasa, na hiyo ndiyo kazi yake. Kiti hulala nyuma kwa kiasi cha kumuudhi aliye nyuma bila kumpumzisha aliyekilalia. Kijitundu cha hewa baridi juu ya kichwa hakifungiki. Wenye uzoefu hukiziba kwa soksi. Choo kiko chini, penye ngazi za mlango wa kati, na mlango wake hugonga kila kona mpaka mtu mwenye huruma ainuke kuufunga. Katika hali hiyo watu watano waliofahamiana darasani tu, tuseme Mkenya, Mtanzania, Mturuki, Mbrazili na Mjerumani, hujuana kwa kasi ambayo hakuna semina ya kuwakaribisha wanafunzi wageni iliyoifikia. Viti viko viwiliviwili, wao ni watano. Nani atakaa na mtu baki? Swali hilo peke yake hutenga wapole na wajanja. Nani anakoroma, nani anaota kwa sauti, nani alibeba chapati kwenye foili akazigawa bila kuombwa, na nani alimenya mayai yake ya kuchemsha gizani akidhani harufu nayo imelala: yote hayo hujulikana kabla ya mpaka.

Umoja wa Ulaya nao huongeza utamu. Dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na kifaa kilichofungwa kwenye gari hurekodi kila mwendo wake, kwa hiyo kumbembeleza ni kazi bure. Basi husimama usiku wa manane kwenye kituo cha barabara kuu, taa zote zikawashwa, na aliyekuwa ndiyo kwanza amepata usingizi hujikuta amesimama kwenye baridi mbele ya choo cha euro 1. Mtu anaweza kusoma sayansi ya siasa miaka mitatu asiione sheria ikifanya kazi. Hapa anaiona: watu arobaini wanatetemeka ili mmoja asisinzie, na hakuna anayenung'unika kwa sauti, maana kila mmoja anajua maisha yake yako mikononi mwa nani.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, iko Praha kwenyewe. Daraja la Karoli, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1357 enzi za Karoli IV, lina urefu wa mita 516 na sanamu 30, nyingi zikiwa nakala za zile za awali. Saa 6 mchana msafiri wa hotelini halioni. Anaona migongo, vijiti vya simu na mwavuli wa kiongozi wa kundi. Daraja lenyewe analijua kwa nyayo. Aliyeshuka kituo cha Florenc alfajiri hulikuta karibu tupu, na amelifikia kwa sababu hana pa kwenda kwingine: hosteli haitampa kitanda mpaka alasiri, makumbusho yamefungwa, na benchi la kituoni linauma. Daraja tupu hakupewa kwa kupenda kwake sanaa. Amepewa kwa kukosa kitanda. Hapo ndipo wakosoaji wa basi wanapopotea, kwa kudhani kwamba mji huonwa na anayeutaka. Mji uliojaa watalii huonwa na wasio na hiari: mfagiaji, dereva wa tramu, muuza mikate, muuguzi anayerudi zamu, na huyu aliyenyimwa usingizi kilomita 500 nyuma.

Mfuate hadi Uwanja wa Mji Mkongwe, mbele ya ile saa ya falaki ya mwaka 1410. Mitume kumi na wawili hupita kwenye vidirisha vyake kila saa kamili, lakini huanza saa 3 asubuhi na kumaliza saa 5 usiku. Saa 12 na nusu asubuhi mitume wamepumzika. Mtalii angeona amedhulumiwa. Mwanafunzi, ambaye macho yamemwiva, huwaelewa kabisa. Hununua rohlík, mkate mdogo mwembamba wa sarafu chache, akaula amesimama, kisha akapanda tramu. Tramu za Praha hazilali, zile za usiku zina namba za tisini na kitu, na kwa tiketi ya siku nzima anaweza kukaa humo atakavyo. Hapandi kwa sababu inakwenda mahali, anapanda kwa sababu ina joto. Hivyo ndivyo anavyopelekwa Žižkov na Holešovice, kwenye mitaa ya wakazi, akawaona wakikimbizana na mabegi, mbwa na mifuko ya sokoni. Hakuna aliyelipia kitanda anayepanda tramu isiyompeleka mahali.

Atasema mtu: aliyekesha haoni kitu, hata akipewa daraja peke yake. Pingamizi hili lina uzito. Ni kweli kwamba Jumamosi yake huwa na mapengo, na kwamba ziara ya makumbusho huishia kwenye kile kiti laini kilichowekwa katikati ya chumba cha picha. Lakini huyo aliyelala vizuri aliyatumiaje macho yake? Aliyashusha kwenye simu, akapima mgahawa wa nyota nne na nusu dhidi ya ule wa nne na robo. Aliyekesha hana nguvu za kupima nyota, anakula panaponukia. Wala uchovu wa njiani haujawahi kuwa adui wa fikra. Erasmus wa Rotterdam, ambaye jina lake limebebwa tangu mwaka 1987 na mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, alipata wazo la kitabu chake cha kuusifu upumbavu mwaka 1509, akiwa juu ya farasi, safarini kutoka Italia kwenda Uingereza. Farasi hana kiti kinacholala nyuma wala soketi ya kuchajia.

Mwingine atauliza kwa nini isiwe treni ya usiku. Shirika la reli la Ujerumani liliziacha treni zake za kulala mwishoni mwa mwaka 2016, na lile la Austria likachukua baadhi ya njia na kuziendeleza. Ni treni nzuri. Kasoro yake ni kitanda: pazia likivutwa, urafiki umeahirishwa hadi asubuhi, na msafiri hufika amenyooka, tayari kuwa mtalii. Kuhusu ndege sina la kusema, na hoja ya mazingira naiacha kwa makusudi, maana hakuna mwanafunzi aliyepanda basi hili kwa ajili ya tabianchi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mpakani. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani humruhusu mwenye nacho kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, na makubaliano ya Schengen, yaliyosainiwa mwaka 1985, yalikusudia kuondoa ukaguzi mipakani. Lakini Oktoba 2023 Ujerumani iliurudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Cheki. Kwa hiyo basi la kurudi, usiku wa kuamkia Jumatatu, linaweza kusimamishwa, na askari wakapanda na tochi. Kitambulisho cha Mjerumani hutupiwa jicho. Pasipoti ya Kenya au Tanzania hupewa heshima zaidi: hupekuliwa, kadi ya ukaazi huinuliwa kwenye mwanga, picha hulinganishwa na uso ambao, baada ya Praha, haufanani na picha yoyote. Ni fedheha, na sifa zote nilizomwaga hapa haziifuti. Ila kwenye uwanja wa ndege mtu huvutwa pembeni peke yake. Kwenye basi fedheha hiyo ina mashahidi arobaini, mmoja wao akiwa yule Mjerumani wa viti viwiliviwili, ambaye hadi usiku huo huenda hakuwahi kuona nchi yake ikimmulika rafiki yake usoni. Ana saa kadhaa za kulifikiria, na kiti hakimruhusu kulala.

Linabaki lalamiko la maprofesa, kwamba mtu wa basi huja kusinzia darasani. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilikwisha kulishughulikia bila kujua: kwa desturi yao ya kale, kipindi kilichoandikwa saa 4 huanza saa 4 na robo. Dakika 15 zinatosha kunawa uso na kutafuta kiti cha nyuma. Basi likichelewa zaidi ya hapo, udhuru uombwe kwa wenye tochi. Dereva ana ushahidi wa kila dakika yake kwenye kile kifaa.