Tunaomba Siku ya Kutembelea Laptopu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Kutengeneza Kompyuta,
Mombasa. Nakala kwa tawi lenu la Voi.
(Jina la kampuni nimelisitiri. Wateja wenu watalitambua kwa ahadi zake.)

KUH: OMBI LA SIKU YA KUTEMBELEA

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kutoka Mwatate. Natumai mko salama salimini, kiyoyozi cha mapokezi kinaendelea kupuliza, na lile bakuli la peremende za mnanaa pale kaunta halijaisha. Sisi huku hatujambo, ila upungufu ule mmoja mnaoujua.

Kabla ya yote nawapa shukrani kwa wepesi wenu wa kupokea. Siku niliyoifikisha laptopu yangu tawi la Voi, ada ya uchunguzi iliingia kwenye till yenu kabla sijafunga zipu ya mkoba, na dipositi ya spea ikaifuata mbio. M-Pesa ipo Kenya tangu 2007, na sidhani imewahi kukutana na nambari inayopokea kwa moyo mkunjufu hivyo. Tangu hapo hakuna kingine mlichonifanyia kwa haraka, lakini mgala muue na haki yake umpe.

Nawakumbusha pia ugonjwa wenyewe, maana faili huenda limepotea. Bawaba ya kushoto ilikuwa imelegea na kitufe cha herufi a kilikuwa kimekufa. Basi. Iliingia kwenu ikiwaka. Fundi wenu aliifungua mbele yangu, ikawaka, akasema, "Hii ni kazi ndogo, mama." Akaniuliza nywila, akaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, akakibandika juu ya kifuniko kwa herufi kubwa kubwa, ili asipate taabu yeyote atakayependa kuisoma. Bawaba ningeivumilia, skrini ningeiegemeza kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Lakini mimi nina kibanda cha saiba karibu na ofisi za kaunti, nakula kwa kuchapa: tanzia, kadi za harusi, barua za kuomba kazi, kumbukumbu za vikao vya chama. Hebu jaribu, Bwana Mkurugenzi, kuandika "marehemu alikuwa baba wa watoto saba" bila herufi hiyo, halafu uwasomee wafiwa.

Mkaiteremsha laptopu Mombasa, muda ukapita, mkanijulisha kwamba mazabodi imeungua. Nikauliza imeungua lini. Nikajibiwa kwamba mazabodi huungua.

Tukaingia msimu wa spea. Mwanzoni spea ilikuwa Nairobi. Baadaye ikawa Dubai. Kisha ikafika bandarini Kilindini, nikafarijika, kwa sababu duka lenu na bandari viko kisiwa kimoja na mtu anaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Ingali huko. Nami ninajua kidogo habari za mizigo kusafiri. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, Waingereza walitandika reli kutoka Voi ikapita hapa kwetu Mwatate kuelekea Maktau, huku Wajerumani wakivuka nyika usiku kuja kutega baruti. Reli ilifika. Chuma kilifika, mataruma yakafika, maji ya askari yakafika. Tangu 2017 treni ya Madaraka inasimama Voi. Sasa kitufe kimoja cha herufi a kinazuiwa njiani na adui gani?

Au pengine mlijua mnadili na watu gani. Sisi wa Taita tumezoea vitu kuteremka Mombasa visirudi. Maji ya Mzima yanateremka kwa bomba tangu miaka ya 1950, na mama zetu wangali na mitungi. Vito vinachimbwa hapa Mwatate na Kasigau, vikaondoka kwenye mifuko ya watu, vikaenda kung'aa kwingine. Mtu aliyeona hayo yote akikaa kimya, mlisema, kwa laptopu moja atafungua mdomo?

Fundi naye ametoka. Nikipiga asubuhi ametoka. Adhuhuri ametoka kidogo. Jioni alikuwa hapa sasa hivi. Kwenye WhatsApp naona zile alama mbili zikigeuka bluu, kwa hiyo najua mnasoma, na kusoma ni jambo jema. Kuna siku dada wa mapokezi alipokea simu akasahau kuiziba kwa kiganja. Nilisikia kila neno. "Ni yule mama wa Mwatate tena." Ikafuata sauti ya mwanamume, karibu kabisa: "Mwambie nimetoka." Wakacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha watu waliozoea. Dada akanirudia kwa sauti ya asali: "Pole mama, fundi ametoka."

Nilisema asante.

Hiyo asante ndiyo inayonikosesha usingizi. Pesa zitapatikana, hata laptopu nyingine itapatikana siku moja. Lakini mmetufikisha mahali ambapo mtu anadanganywa mchana kweupe, anasikia mwongo wake akicheka, na bado anashukuru, kwa sababu mali yake iko mikononi mwenu na anaogopa mkikasirika mtaificha zaidi. Mnalijua hilo. Mnaliishi. Kiyoyozi kile kinalipiwa na woga wetu.

Niwieni radhi, nilikuwa nimeanza vizuri. Turudi kwenye ombi.

Kwa kuwa laptopu yangu inaonekana imesajiliwa kwenu kwa masomo ya bweni, naomba tupewe siku ya wazazi kutembelea. Hata wafungwa wa Manyani wana siku za kuonana na jamaa zao. Napendekeza Jumapili moja kila muhula. Sisi wa huku tutapanda treni Voi tushuke Miritini. Wa Kilifi na Kwale watakuja kwa matatu. Wa Lamu watakuja watakavyojaliwa. Tutabeba shuka la kutandika pale mnapoegesha magari, kuku wa kukaanga, chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha, soda kubwa mbili, na chaja. Shangazi zake watakuja. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa akiitumia kutazama katuni, ameshaanza kuuliza kama itamtambua.

Saa nne kamili kengele ilie. Matroni wenu azitoe laptopu stoo moja moja, kila moja ndani ya mkoba wake iwapo mkoba bado upo, jina lisomwe kwa kipaza sauti, na mzazi ainue mkono. Tungependa kuzipangusa vumbi wenyewe. Tungependa pia kuonyeshwa rafu zinakolala na zinalala na nani, maana yangu imelelewa kwa nidhamu na sitaki ilazwe karibu na zile zenye virusi. Nikikuta haina betri yake, au imevishwa betri ya mwenzake, nitaomba kuonana na mwalimu wa zamu kabla hata ya kufungua chapati.

Baada ya chakula tugawiwe ripoti, kwenye karatasi ngumu yenye muhuri. Bawaba: bado hajatulia. Kibodi: anajitahidi, isipokuwa kwenye a. Betri: husinzia darasani. Mazabodi: tazama barua tofauti kwa mzazi. Tabia: mkimya mno. Maoni ya mwalimu wa darasa: ana uwezo, aongeze bidii, atawaka. Pa kutia sahihi ya fundi paachwe wazi, kwa sababu ametoka.

Kisha tukusanyike kwa mkutano wa wazazi. Wewe, Bwana Mkurugenzi, utasimama utueleze mafanikio ya muhula, utuonyeshe rafu mpya zilizojengwa kwa dipositi zetu, na utangaze karo ijayo kwa masikitiko. Tutachagua mwenyekiti. Kura yangu naitoa mapema kwa yule mzee niliyemkuta tawi la Voi akidai printa, ambaye mlinzi wa mlangoni anamwita kwa jina na kumwekea kiti bila kuulizwa. Kabla ya kengele ya jioni turuhusiwe kuziachia pesa kidogo za matumizi, za tokeni za umeme hivi, zisije zikajisikia vibaya mbele ya wenzao. Tutaaga na machozi. Muhula ukifika katikati mtupe likizo fupi, Ijumaa hadi Jumatatu. Naahidi nitairudisha kabla ya saa kumi, ikiwa na sare zake zote, na nikichelewa mnitoze faini.

Maombi mengine ni madogo. Badilisheni wimbo wa kusubirisha watu simuni. Nitumieni picha ya laptopu ikiwa imelazwa juu ya gazeti la siku hiyo. Ule utepe wenye nywila ubanduliwe. Peremende ziwe mbili kwa kila mteja.

Kuhusu utepe nisiwe na mzaha sana, kwa kweli. Ndani ya mashine hiyo mna nakala za vitambulisho na nambari za PIN za nusu ya Mwatate: akina mama wa vikundi, vijana waliokuwa wakiomba HELB, wazee niliowasajilia bima ya afya. Waliniamini mimi, hawakuwaamini nyinyi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na sidhani walioitunga walikuwa wakifikiria selotepu.

Na tarehe 30 Juni ilipita. Mnaijua siku hiyo, jioni ambayo nchi nzima hukumbuka ushuru kwa pamoja. Foleni nje ya kibanda cha jirani yangu ilifika kwa muuza viazi karai. Mimi nilikuwa na meza, kiti, feni na ubao wenye bei. Kuna waliokataa kwenda kwa jirani, wateja wangu wa miaka, wakakaa nami wakinisubiri kwa uaminifu kwa kuwa mlikuwa mmenihakikishia asubuhi hiyo kwamba kufikia saa nane mzigo utakuwa kwenye matatu ya Mwatate. Saa nane. Nilienda steji nikasimama. Waliochelewa wanadaiwa faini ya shilingi 2,000 kila mmoja, na mmoja wao huuza mchicha. Sikumwambia fundi ametoka. Nilimwambia ukweli, naye tangu hapo hunisalimia akiangalia pembeni.

Mtanijibu kwa risiti yenu, najua. Nyuma yake mmechapa kwa herufi za kuumiza macho kwamba bidhaa isiyochukuliwa kwa siku 90 itauzwa kufidia gharama. Nimeuliza wanaojua. Kweli kuna sheria ya bidhaa zisizochukuliwa, Sura ya 38, inayompa fundi njia ya kuuza mali ambayo mwenyewe ameitelekeza, baada ya kutoa ilani. Ni sheria ya huruma: ilimfikiria fundi aliyebaki na redio ya mtu aliyehama mji. Haikumfikiria mteja anayesimama kaunta, risiti mkononi, akiomba kwa sauti apewe kitu chake, huku siku 90 zikihesabiwa juu ya kichwa chake yeye.

Wanaojua wakanieleza na mengine. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, kuelezwa anachohitaji kujua, na kufidiwa anapopata hasara. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mtu anaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Na kesi inatakiwa kukamilika ndani ya siku 60. Nilimwomba aliyenieleza arudie hiyo hesabu. Serikali yetu hii, Bwana Mkurugenzi, yenye mafaili yanayopotea na majaji wasiotosha, imejiwekea siku sitini za kusikiliza, kupima ushahidi na kuamua. Nyinyi mna bisibisi.

Hati ya madai nimeshaiandika, kwa mkono, kwa sababu inayoeleweka. Risiti nimeiambatisha, jumbe za M-Pesa nimezitoa nakala kwa jirani, na alama zote za bluu nimezipiga picha. Nitaipeleka ikiwa laptopu haitafika steji ya Mwatate, na betri yake, na mkoba wake. Mazabodi iliyoungua pia naitaka, niione ilipoungulia. Lakini ombi la siku ya kutembelea siliondoi. Hata yangu ikirudi nitakuja, nimsindikize yule mzee wa printa.

Nambari yangu ya simu sina haja ya kuiandika hapa. Mnayo. Ndiyo ile mnayoitumia ujumbe kila Ijumaa bila kukosa: "Mteja wetu mpendwa, leta laptopu yako leo, uchunguzi nusu bei."

Wenu,
Yule Mama wa Mwatate Tena.