Namna ya kuomba kikohozi Tunduma

Anza kwa kukaa kwenye benchi. Kabla ya kompyuta, kabla hata ya kutafuta kibali, nenda kituo cha afya chochote karibu na foleni ya malori, saa mbili asubuhi, ukae na wagonjwa, unyamaze. Utasikia vikohozi vya kila namna: cha utingo aliyelala kabini wiki nzima, kikavu, cha harakaharaka, na cha mama lishe aliyeinamia jiko la mkaa tangu alfajiri. Siku moja nilikuwa ndani ya chumba cha kuandikishia, mlango umefungwa. Mtu akakohoa nje. Muuguzi, macho yakiwa bado kwenye rejesta, akasema, "Mwambieni yule mama wa wali asiondoke, majibu yake yametoka."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Msemo huo ubandikwe ukutani kwa kila anayetaka kufanya utafiti wa afya kwa akili mnemba, maana wengi huamini kwamba ukishafuta jina umeshamficha mtu.

Nami nataka watafiti hao waje. Kifua kikuu kinatuua, na wataalamu wa kusoma picha za kifua ni wachache. Tangu 2014 ilichapishwa tathmini ya programu ya kusoma eksirei kwa wagonjwa wa Bagamoyo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaruhusu programu za aina hiyo kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Mwaka 2024 ikatoka kazi ya Nairobi ya kutafuta kifua kikuu kwenye sauti ya kikohozi: vikohozi kama 33,000 vilivyonaswa kwa watu wasiofika 200. Mwaka huohuo Google ikatangaza HeAR, programu iliyofunzwa kwa vipande vya sauti zaidi ya milioni 300 na kujaribiwa, pamoja na mengine, kwa vikohozi vya wagonjwa wa Zambia, jirani zetu hapa ng'ambo ya geti la mpaka. Sasa zinakuja mashine zinazosoma picha, sauti, majibu ya maabara na maandishi ya daktari kwa mpigo. Shirika la Afya Duniani lilishazitolea mwongozo Januari 2024, wenye mapendekezo zaidi ya 40. Usome wote. Huu wangu ni nyongeza ya hapa barabarani.

Chukua karatasi nne. Ya kwanza andika: sauti ya mwanamke, lafudhi ya Kinyamwanga. Ya pili: umri, miaka arobaini na kitu. Ya tatu: anauza wali kwenye foleni. Ya nne: kovu kwenye pafu la kushoto. Moja moja, hakuna inayomtaja mtu. Zipange pamoja mezani, kisha mwite bodaboda yeyote aliye karibu umwonyeshe. Atakuelekeza mpaka kwenye sufuria. Na habari ikishafika kijiweni, nani atanunua wali wa mama mwenye kifua? Kwa hiyo usiombe ridhaa ya sauti leo na ya picha kesho, halafu ukaviunganisha kimyakimya ofisini. Huko kuunganisha ndiko kunakomweka mtu hadharani, na ndiko unakopaswa kukuombea ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nacho lazima. Lakini karatasi hizo nne zifanye mwenyewe, kwa mkono wako.

Fomu ya ridhaa ijaribie jikoni. Msomee mama lishe huku anapakua. Kila neno linalosimamisha mwiko wake, libadilishe. "Data zitahuishwa na kutotambulishwa" itaunguza wali. Sema hivi: "Mama, tutachukua sauti yako na picha ya kifua chako, tuviweke pamoja kwenye kompyuta. Mtu anayekufahamu anaweza kukutambua. Ukikataa, dawa utapewa vilevile, na ni bure." Halafu mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, ulichomwambia. Na asiyesoma asitie dole gumba mpaka amefika hapo. Tafadhali, anayeomba asiwe yule yule mwenye ufunguo wa kabati la dawa. Mgonjwa atamwitikia kwa sababu anamwogopa.

Kunasa sauti kuna mtego mwingine. Kinasa sauti hakijui kuziba masikio. Umemwomba mmoja akohoe, kumbe pembeni wawili wananong'ona juu ya dawa za kufubaza virusi. Hao hukuwaomba. Tafuta chumba. Kama hakuna chumba, hakuna kurekodi, hata kama mradi unaisha Ijumaa.

Madereva nao wana njia yao. Anayekohoa Tunduma leo, keshokutwa yuko Kasumbalesa. Zambia ina sheria yake ya taarifa binafsi ya 2021, nasi tuna yetu. Lakini dereva ana namba moja tu ya simu uliyomwandikia kwenye fomu. Vuka Nakonde, nunua laini ya huko, piga namba hiyo. Ikiita mpaka ikakatika, fomu yako haijawa tayari.

Ukitoka mpakani, pitia wachimbaji wa dhahabu upande wa Mkwajuni. Mapafu yaliyokula vumbi la mawe miaka kumi huacha makovu yanayoweza kufanana na ya kifua kikuu. Muulize aliyekuletea programu: imewahi kuona kifua cha mchimbaji? Akinyamaza, usiiache iamue peke yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyowapokea watu. Basi rudi. Baada ya miezi sita uje na majibu kwa Kiswahili, kwenye benchi lilelile, uwaeleze mashine ilipatia wapi na ilikosea kwa nani. Na kama yule mama wa wali alikukatalia mwanzoni, utamkuta bado yuko pale. Nunua sahani, ule, ulipe, na usimwombe tena.