Baridi ya Kibo Huanza na Vitu Vyako

Wanaokusimulia habari za Kilimanjaro watakutajia mapafu na magoti. Habari za zipu hazitaji mtu.

Tulipanda Desemba, watu wa ofisi moja, kusherehekea Uhuru kwa kufuata njia ya Luteni Alexander Nyirenda, aliyeweka bendera na mwenge kileleni mwaka 1961. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu baridi huja Julai, ukijitanda kanga imekwisha. Kwa hiyo nilipita soko la Memorial pale Moshi nikaokota mtumba wa koti nene, zipu yake bado inaning'iniza tiketi ya kuteleza kwenye theluji huko Ulaya. Nikaona nimepata: hata kama mimi mgeni, koti lina uzoefu.

Kutoka kibanda cha Kibo, mita 4,720, watu huondoka usiku wa manane. Changarawe zikiganda hushika mguu. Jua likishazilegeza, unapanda hatua mbili unarudishwa moja. Usiku ule theluji ilikuwa imeanguka tangu jioni, njia haionekani, kuna matundu ya viatu vya kiongozi tu.

"Pole pole, kaka," akaniambia.

Nilikuwa nimesimama.

Nikagundua kwamba baridi ya kule haina haraka na mwili wako. Inaanza na vitu. Skafu niliyojifunga mdomoni ilinyonya pumzi zangu ikawa ubao. Nikigeuza shingo, yenyewe inabaki inatazama mbele. Kiongozi alikuwa ametufundisha kulaza chupa kichwa chini, maana maji huganda kuanzia juu, na hivyo mdomo wa chupa haujizibi. Ujanja mzuri sana, kama kizibo kinafunga. Changu kilivujia soksi za akiba, zikakauka kama ng'onda. Mhasibu wetu, aliyetamba tangu getini na mfuko wake wa maji wenye mrija, alifyonza mrija mtupu hadi alfajiri.

Sasa zipu. Dawa ya mwinuko, pamoja na faida zake zote, inakupeleka haja ndogo kila saa. Nami nilivaa suruali juu ya suruali juu ya suruali. Vua glovu, vidole vinakufa ganzi. Zivae, hushiki kitu. Na lile koti lenye uzoefu lilikuwa limeganda zipu kuanzia kidevuni hadi mapajani. Mpagazi mmoja, kijana mwungwana mno, alipiga magoti kwenye theluji akaipulizia pumzi ya moto mpaka ikaachia, huku akitazama pembeni kwa adabu. Watu hawa wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya mizigo.

Tulipofika Gilman's Point, mita 5,685, nilijaribu kupiga picha. Simu yenye chaji asilimia 70 ikazima. Niliiweka kwapani ikafufuka, nikaitoa ikafa tena. Basi kule kilele cha Uhuru, mita 5,895, nilipigwa picha kwa simu ya mhasibu, ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka na moyoni bado ana kiu.

Picha nilimtumia mama. Kofia, miwani, skafu, koti. Akanipigia palepale.

"Mwanangu, nimeiona. Sasa wewe ni yupi?"

Nilikuwa peke yangu kwenye ile picha.