Mandhari ya Nyali

Tangu mwaka 1980, lilipofunguliwa daraja jipya badala ya lile la mwaka 1931 lililokuwa likielea juu ya maji, mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa hana udhuru wa kutowazuru jamaa zake waliojaaliwa kuhamia Nyali. Nami, niliyekabidhiwa kadi ya arusi ya mpwa wangu niipeleke kwa ami yetu tajiri, udhuru niliutafuta kwa bidii nisiupate.

Niliambiwa kwamba nyumba ina geti jeusi na kwamba inaelekea bahari. Mtaa mzima ni mageti meusi, na bahari, ijapokuwa waisikia ikivuma nyuma ya kuta, haionekani ng'o. Kengele ya Freretown hapo jirani, makao waliyotengewa mwaka 1875 watu waliokombolewa utumwani, ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha wenyeji watekaji wakija. Mageti ya Nyali nayo yana kengele, ila hizi huwatahadharisha wenye nyumba kwamba nimekuja mimi.

Kwetu nyumba, hata iwe ya fakiri, haikosi baraza ya nje ambapo mpita njia hukaa akapumua, na mwenye nyumba akaona ni hishima kwake. Huko Nyali, baada ya kubisha kwa watu nisiowajua na kubwekewa na mbwa niliowasikia tu bila kuwaona, niliketi juu ya jiwe lililopakwa chokaa kando ya njia, na kabla sijavua kiatu akatoka askari, akaniambia kwa taadhima kubwa, "Shikamoo, mzee wangu. Hapo hapakaliwi." Nilipomuuliza jiwe lile lina kazi gani, akafikiri sana, kisha akasema ni la kuzuia watu wasikae.

Miguu ikanipeleka kwenye hoteli moja ya ukingoni, yenye bustani na viti vya mito. Kahawa ilikuja katika kikombe kidogo, kwa bei ambayo mtu angewanywesha watu wa baraza nzima ya Kibokoni kwetu juma zima, na dele likabaki na kitu. Mtumishi akanitaka radhi kwa bei, akasema kinacholipiwa hasa ni mandhari, akanyoosha mkono ng'ambo ya maji. Nikatazama. Pale palikuwa na Ngome waliyoianza Wareno mwaka 1593, minara ya misikiti, majahazi bandarini, na roshani za mtaa wetu, pamoja na nguo tulizoanika juu ya mapaa asubuhi ile. Mgeni mmoja Mzungu kando yangu alizipiga picha, akivuta pumzi kwa mahaba. Wallahi, sikujua kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikikaa ndani ya kitu cha thamani kiasi kile, wala hakuna aliyepata kunilipa kwa kutazamwa.

Nyumba ya ami ilikuwa ile ile yenye jiwe. Askari akanieleza kwamba bwana hayupo. Kila alasiri huvuka daraja kwenda kunywa kahawa Mji wa Kale, kwani huku, asema, hakuna mtu wa kuzungumza naye. Kadi nikamwachia askari, nikamwalika na yeye. Siku ya arusi walifika wote wawili, na aliyemtunza bwana arusi zaidi, niseme kweli, alikuwa askari.