Somo la Wiki

Vijana wa Babati wakifungua chaneli Jumatatu, Jumapili wameshakuwa walimu. Kuna huyu anayesimama kando ya Ziwa Babati, viboko wakikoroma nyuma yake, atueleze alichojifunza wiki hii: uvumilivu. Wiki iliyopita pia alijifunza uvumilivu. Bila shaka alifeli, anarudia darasa. Wafuasi wake wengi ni mashangazi, nao humpigia makofi hata kabla hajafungua mdomo.

Masomo mengine yapo, tena ya hapa hapa: mwaka 2017 India ilibana uingizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka, wakulima wa huku wakabaki wanayatazama magunia. Somo hilo mpaka leo halijapata wa kulirekodi. Si lazima ulifuate shambani, na shambani kuna vumbi, na simu yenyewe bado mpya?